Mwenye asturlabu: ni nani huyu katika picha ya uzazi ya al-Wasiti?

Mama ameshikwa na uchungu. Amekaa, hakulala, na wanawake wamemzunguka kumtegemeza na kumpokea mtoto. Juu yake, katika sehemu ya juu ya nyumba hiyohiyo, ameketi bwana wa nyumba pamoja na watu wake. Pembeni, upande mmoja, yuko mtu anayeandika. Upande wa pili yuko mtu aliyeshika asturlabu, chombo cha shaba cha mviringo kilichotumika kupimia kimo cha jua na nyota. Mama, bwana na mwandishi wanajulikana, kwa kuwa kisa kinachosimuliwa hapo kinawataja, na wakunga hawahitaji kutajwa, maana hakuna uzazi bila wao. Wa asturlabu hatajwi popote. Kisa hakina mtu wa namna hiyo, wala hakina chombo chenyewe.

Picha hii imo katika mswada wa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris wenye nambari Arabe 5847, karatasi ya 122, upande wa nyuma. Kitabu ni Maqamat ya al-Hariri wa Basra (1054–1122), visa 50 vya mlaghai mmoja mzee, Abu Zayd wa Saruj, anayezunguka miji ya Waislamu akijipatia riziki kwa ulimi wake. Anayesimulia ni msafiri aitwaye al-Harith bin Hammam, ambaye kila mara hukutana naye, humstaajabia, kisha hugundua kwamba ni yuleyule. Mswada huu ulikamilika tarehe 6 Ramadhani 634, yaani Mei 1237, miaka 21 kabla ya Wamongolia kuiangusha Baghdad. Una picha 99. Wengine huuita Hariri wa Schefer, kwa jina la Charles Schefer, mtaalamu wa Kifaransa wa lugha za Mashariki aliyekuwa nao kabla haujaingia maktabani. Maktaba imeuweka wote kwenye tovuti yake ya Gallica, bure, kwa hiyo msomaji anaweza kuufungua pembeni huku akisoma na kunipinga palepale.

Katika ukurasa wa mwisho aliyeuandika amejitaja: Yahya bin Mahmud al-Wasiti, mtu wa mji wa Wasit nchini Iraki. Anasema kwamba maneno ameyanakili kwa mkono wake, na picha amezichora yeye. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Katika miswada mingi mnakili alimaliza kazi yake, akaacha nafasi tupu, kisha mchoraji akaja kuzijaza, pengine bila kusoma neno hata moja. Ukikuta kiumbe kisichoeleweka katika picha za aina hiyo, unaweza kusema mchoraji hakuelewa kisa, ukafunga mjadala. Kwa al-Wasiti huwezi. Kila neno la kisa hiki lilipita mkononi mwake kabla ya picha. Alijua fika nani yumo na nani hayumo. Kwa hiyo mwenye asturlabu aliwekwa pale kwa kusudi, na swali letu ni kusudi lipi.

Kisa chenyewe ni cha 39, maarufu kwa jina la Maqama ya Oman. Al-Harith anafika Sohar, bandari ya Oman, anapanga kuvuka bahari, chombo kimeshapakia. Kabla tanga halijapandishwa, mzee mmoja anaomba abebwe, na nauli yake ni kinga ya bahari: anadai anayo dua ambayo manabii waliisafiria. Dua yenyewe ni aya ya safina ya Nuhu, ile ambayo hata mabaharia wa pwani yetu wanaijua, Bismillahi majraha wa mursaha. Mzee ni Abu Zayd, bila shaka. Wanasafiri vizuri, mpaka dhoruba inawakamata kinga au hakuna kinga, na wanalazimika kutia nanga kwenye kisiwa kimoja wangoje upepo utulie. Chakula kinakwisha. Al-Harith na Abu Zayd wanashuka kutafuta riziki na kufikia jumba kubwa, ambapo watumwa wamekaa mlangoni wakilia.

Watumwa wanaeleza. Bwana wa jumba ndiye mtawala wa kisiwa, al-Hariri anamwita shaha, na maisha yake yote hajapata mtoto. Hatimaye mke akashika mimba. Nadhiri zikawekwa, siku na miezi ikahesabiwa, na kidani na taji la mtoto vikafuliwa. Wakati ulipofika uzazi ukawa mgumu, na sasa wanahofia kumpoteza mama na mtoto kwa pamoja. Abu Zayd anawaambia wajipe moyo, anayo hirizi ya uzazi ambayo sifa zake zimeenea duniani. Anapelekwa ndani. Anaagiza kalamu ya mwanzi, kipande cha povu la bahari, na zafarani iliyoyeyushwa katika maji ya mawaridi safi. Anasujudu, anapaka uso wake mavumbi, anaomba maghufira, anawatoa watu waliokuwa karibu. Kisha anaandika. Akimaliza anayafunika maandishi, anayatemea mate mara mia, anakifunga kipande katika kitambaa cha hariri baada ya kukipaka ambari, na kuamuru kifungwe kwenye paja la mama. Muda si muda, mtoto huyo.

Alichoandika hakuna mtu jumbani aliyekisoma. Sisi wasomaji tunapewa. Ni shairi analomwambia mtoto tumboni, na ujumbe wake, nikiufupisha kwa maneno yangu, ni huu: ewe uliye tumboni, mimi nakupa nasaha. Uko mahali imara, pa salama, hakuna rafiki mnafiki wala adui. Ukitoka utahamia nyumba ya maudhi na udhalili. Kaa hapohapo na raha yako, usiuze cha hakika ukanunua cha kudhania, na ujihadhari na mdanganyifu anayekusomea uganga ili akutupe kwenye adhabu. Yaani hirizi ya kumtoa mtoto inamsihi asitoke, na mganga anamwonya mtoto dhidi ya mganga. Al-Hariri ameandika mizaha mingi, lakini sijui wangapi kati ya wasomaji wake waliweza kuusoma huu bila kucheka.

Rudi sasa kwenye picha. Anayeandika ni Abu Zayd, kalamu inamtambulisha. Bwana ni shaha, na mchoraji amempaka yeye na mke wake rangi ya maji ya kunde na kuwapa sura ambayo wachambuzi wengi wameiona kuwa ya Kihindi, jambo linalofaa kwa kisiwa kilicho mbele ya bahari ya Oman. Maneno ya kisa yamechorwa kwa uaminifu. Mwenye asturlabu ndiye pekee aliyezidi.

Msomaji aliyekulia karibu na majahazi atakuwa na jibu mdomoni: ni rubani wa chombo. Dhoruba iliwashusha kisiwani, rubani akashuka na chombo chake cha kupimia nyota. Jibu hili linavutia na halisimami. Asturlabu ya aina hii, yenye bamba la kuzungushwa lililotobolewa mfano wa wavu na ncha zinazoonyesha nyota, ni kifaa cha nchi kavu. Lazima kining'inie kwa utulivu kwenye pete yake ndipo kisome sawasawa. Kwenye sitaha inayoyumba upepo unakizungusha tu. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na njia yao, ya kupima kimo cha nyota kwa vidole, na baadaye kamali, kibao chenye uzi wa mafundo unaoshikwa kwa meno. Ibn Majid, rubani mashuhuri wa karne ya 15, anahesabu kwa vidole katika maandishi yake. Asturlabu nzito ya baharini, iliyotobolewa ili upepo upite, ilikuja na Wareno. Mwandishi wao João de Barros anasimulia kwamba Vasco da Gama alimwonyesha asturlabu zake yule rubani aliyempata Malindi mwaka 1498, na rubani hakushtuka. Akamweleza vyombo ambavyo mabaharia wa kwao walitumia, ambavyo havikuwa hivyo. Isitoshe, al-Wasiti amechora chombo cha safari hii kurasa chache nyuma, katika karatasi ya 119, na mbao zake zinaonekana zimeshonwa kwa kamba kama mitepe ya Lamu. Kama angetaka rubani mwenye asturlabu, pale ndipo mahali pake. Kumpandisha hadi kwenye vyumba vya shaha, jirani na mwanamke anayejifungua, hakuna sababu.

Jibu la pili lina uzito zaidi, na wako wachambuzi wanaolishika: ni al-Harith. Hoja yao ni ya hesabu. Walioshuka chomboni ni wawili. Kisa kinasimuliwa na mmoja wao kwa nafsi ya kwanza, kwa hiyo alikuwepo. Picha ina wanaume wawili pembeni, kila mmoja na kazi yake, mmoja ni Abu Zayd, basi wa pili ni nani kama si mwenzake? Na kweli al-Wasiti hupenda kuwaonyesha hawa wawili pamoja, mzee mwenye ndevu nyeupe mara nyingi na msafiri aliye kijana kuliko yeye.

Ugumu wangu na jibu hili ni asturlabu yenyewe. Al-Harith katika visa vyote 50 ni mtazamaji. Anasafiri, anasikiliza, anatoa pesa, anadanganywa, anashangaa. Elimu ya nyota si yake. Kumtia mkononi chombo cha gharama na cha taaluma ni kumgeuza awe mtu mwingine, na kumfanya mshirika wa ulaghai wa Abu Zayd, wakati kisa kizima kinategemea kwamba yeye anauona ulaghai kutoka nje. Halafu liko jambo dogo la kiufundi ambalo nakiri ni la kuchokonoa. Ndani ya asturlabu mna mabamba, na kila bamba limechorwa kwa latitudo ya mji fulani. Bamba la Baghdad linafaa mahali penye takriban nyuzi 33 kaskazini. Asturlabu nzuri zilikuwa na mabamba kadhaa ya miji mbalimbali, lakini msafiri aliyetupwa na dhoruba kwenye kisiwa asichokijua angetumia bamba lipi? Mwenyeji ndiye mwenye bamba la mahali hapo. Sidai kwamba al-Wasiti alifikiri umbali huo. Nadai tu kwamba yeyote aliyejua asturlabu ni nini, na Baghdad ya wakati huo walikuwapo wengi, asingeiona mkononi mwa mgeni akafikiri ni jambo la kawaida.

Jibu la tatu ni kwamba huyu ni Abu Zayd tena, amechorwa mara mbili katika picha moja: huku anapima nyota, huku anaandika. Wachoraji wa zamani walifanya hivyo mara nyingine, kuonyesha vitendo viwili vya mtu mmoja bila kutenganisha picha. Kwa msomaji wa pwani jibu hili lina mvuto wake wa pekee, kwa sababu kwetu kazi hizi mbili zimekaa kwenye mkeka mmoja. Mwalimu yuleyule anayeandika kombe kwa zafarani na marashi ya mawaridi, likaoshwa mgonjwa akanywa, au anayefunga hirizi ya mja mzito, ndiye anayepiga falaki kukutazamia nyota. Vifaa alivyoagiza Abu Zayd kisiwani vingeagizwa Unguja au Mombasa, na hakuna ambaye angeuliza vya nini.

Lakini tazama jinsi mwalimu wetu anavyoipata nyota hiyo. Anauliza jina lako na jina la mama yako, anageuza herufi kuwa tarakimu, anajumlisha, anagawa, na kinachobaki ndicho kinachokupeleka kwenye buruji yako. Haangalii mbinguni. Hahitaji kujua ulizaliwa saa ngapi, na wengi wa wateja wake hawajui. Njia hiyo ni ya kale, na ni ya watu wote. Asturlabu ni habari nyingine. Inatumika pale ambapo saa ya kuzaliwa inaweza kunaswa wakati inapita, kwa sababu kinachotafutwa ni nyuzi ya buruji inayochomoza upande wa mashariki wakati mtoto anapotoka. Anga zima linazunguka nyuzi 360 kwa siku moja, yaani nyuzi moja kila dakika nne hivi. Ukichelewa robo saa umeshampa mtoto nyota nyingine kidogo. Mpimaji ananing'iniza chombo, analenga jua au nyota kwa rula iliyoko mgongoni, anasoma kimo, anageuza, anazungusha wavu mpaka ncha ya nyota hiyo ifikie kimo hicho, kisha anasoma kwenye ukingo wa mashariki. Ptolemy, mtaalamu wa nyota wa zama za Warumi, katika kitabu chake cha unajimu ambacho Waarabu walikuwa wamekitafsiri muda mrefu, alishasisitiza kwamba kwa saa ya kuzaliwa asturlabu pekee ndiyo inayotoa dakika kwa uhakika. Saa za maji na za jua hukosea.

Hapo ndipo jibu linapojitokeza lenyewe. Mtu anayesimama karibu na chumba cha uzazi akiwa na asturlabu ana kazi moja tu duniani: anangoja kilio cha mtoto. Ni mnajimu wa nyumba.

Na nyumba yenyewe inamstahili. Soma tena maneno ya watumwa mlangoni. Mtawala asiye na mrithi, nadhiri, siku na miezi kuhesabiwa, taji kufuliwa kabla ya mtoto kuzaliwa. Al-Hariri hakumtaja mnajimu, lakini ameeleza nyumba ambayo haiwezi kuwa bila mnajimu. Anayefua taji mapema hivyo hakosi kutaka kujua mvaaji atatawala miaka mingapi. Wasomaji wa Iraki walilijua jambo hili bila kuambiwa. Mji wao wenyewe ulianzishwa hivyo: khalifa al-Mansur alipoijenga Baghdad mwaka 762, wanajimu wake, Nawbakht na Mashallah wakiwa miongoni mwao, ndio waliochagua siku ya kuweka msingi, na mwanazuoni al-Biruni ametuhifadhia mpangilio wa sayari wa siku hiyo. Ikiwa mji ulipimiwa nyota, mwana wa mfalme je?

Ushahidi mwingine unatoka mbali zaidi kwa wakati na mahali, nao nautumia kwa tahadhari. Makumbusho ya Sanaa ya Boston yana picha ya Kimughal, yaani ya wafalme Waislamu wa India, ya mwanzo wa karne ya 17, inayohusishwa na mchoraji Bishandas, ya kuzaliwa kwa mwana wa mfalme, pengine Jahangir. Ndani ni wanawake, mama kitandani, mtoto mikononi. Nje ya mlango wamekaa wanajimu na vyombo vyao, wakifanya hesabu. Kati ya picha hiyo na ya al-Wasiti pana karne karibu nne, na sisemi moja imezaa nyingine. Ninachoona ni mpangilio uleule wa kazi: wanawake na mwili upande mmoja, wanaume na nyota upande wa pili, ukuta katikati. Mpangilio huo ulikuwa wa nyumba za wafalme kabla ya kuwa wa wachoraji.

Wapo wanaotazama upande mwingine, kwa Wakristo. Mwanzoni mwa karne ya 13, kaskazini mwa Iraki, makanisa ya Kisiria yalikuwa na vitabu vya Injili vilivyochorwa kwa mtindo unaofanana sana na wa vitabu vya Kiarabu, na humo mna picha za kuzaliwa kwa Yesu pamoja na Majusi waliofuata nyota. Mfalme anazaliwa, wenye elimu ya nyota wako pembeni. Inawezekana al-Wasiti aliwahi kuona picha kama hizo. Lakini hakuziiga hapa. Maryamu katika picha hizo amelala, mtoto ameshazaliwa, wakunga wanamwosha. Mama wa al-Wasiti bado yuko katikati ya uchungu, amekaa wima, na hakuna mtoto bado. Picha ya uzazi wenyewe, si ya baada ya uzazi, ni nadra mno katika sanaa ya zama hizo, ya Kiislamu au ya Kikristo, na ujasiri huo ni wake.

Anayesita kukubali kwamba mchoraji angeweza kuongeza mtu asiyekuwemo kisani, afungue kwanza karatasi ya 121, picha ya kisiwa. Al-Hariri anasema walishuka kisiwani, basi. Al-Wasiti amechora miti yenye nyani na ndege wa rangi, maji yenye samaki, na kati yao viumbe viwili vinavyotisha kidogo: ndege mwenye kichwa cha mtu, na mnyama wa umbo la simba mwenye uso wa mtu. Hakuna hata kimoja katika maneno ya kisa. Vimetoka kwenye ngano za maajabu ya bahari walizosimulia mabaharia wa Siraf na Oman, zile zinazofika mpaka Sofala na nchi ya Zanji, na kwenye nakshi za vyombo vya shaba ambako ndege na simba wa namna hii walikuwa pambo la kila siku. Mchoraji aliposoma kisiwa cha mbali, alijua wasomaji wake wanatarajia nini kisiwani, akawapa. Kurasa chache mbele alisoma uzazi wa mrithi wa mfalme, akafanya vilevile. Nashangaa kwamba wengi huwapokea ndege na simba bila taabu, kisha kwa mwenye asturlabu wanarudi kutafuta jina ndani ya maandishi.

Ila kuna tofauti moja, nayo ndiyo inayonifanya nisimwone mnajimu kuwa pambo tu. Ndege na simba wametawanyika kisiwani. Mnajimu amewekwa mahali maalumu sana: mkabala na Abu Zayd, shaha akiwa katikati yao. Mizani imekaa sawa. Huku kalamu, huku asturlabu. Huku mtu anayejulikana na msomaji kuwa mwongo, huku mtu anayeheshimiwa mjini kuwa mtaalamu. Shaha yuko kati ya wawili hao na hana njia ya kujua yupi ana maana. Msomaji anajua kwamba kilichoandikwa na wa kwanza ni utani mtupu. Macho yake yakihamia kwa wa pili, swali linajiuliza lenyewe.

Je, al-Wasiti alikusudia hivyo? Nadhani ndiyo. Kwanza, yeye ndiye aliyenakili ule mstari wa usiuze cha hakika ukanunua cha kudhania. Maneno hayo yalikuwa karibu sana na shutuma ambazo wanazuoni waliwatupia wanajimu kila karne: kwamba kazi yao ni dhana iliyovikwa nguo za hesabu. Pili, angalia picha inavyogawanyika. Juu, wanaume, kiti, kalamu, chombo cha shaba, heshima. Chini, wanawake wanaomzalisha mwenzao. Katika picha nzima wenye kazi ya kweli ni hao wa chini, na mchoraji amewapa nafasi ya mbele na ya katikati, kama mtu anayejua vizuri mtoto atatokea wapi. Hirizi haijafika pajani. Asturlabu haina cha kupima mpaka mtoto alie. Mkunga peke yake ndiye ambaye mikono yake tayari imo kazini.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni dari. Mpimaji wa nyota yuko ndani ya chumba, na asturlabu bila anga ni sahani. Kama al-Wasiti alijua kazi ya mnajimu vizuri kiasi nilichodai, mbona hakumweka uani? Nimelifikiria hili kuliko mengine, na jibu langu linatokana na jinsi anavyochora nyumba katika mswada wote. Nyumba zake zimepasuliwa mbele, zikaonyesha vyumba kama visanduku, na chumba ndani yake kinaeleza uhusiano wa watu, si mahali walipo kwa vipimo. Chumba cha pembeni maana yake ni mtu aliye pembeni: ametengwa na uzazi, amehusishwa na bwana. Kisa chenyewe kinasema Abu Zayd aliwatoa watu waliokuwa karibu naye kabla ya kuandika, na mchoraji amemtenga kwa ukuta. Mnajimu amepata ukuta wake kwa utaratibu huohuo. Paa halikuwa hoja.

Na al-Harith yuko wapi? Sioni sababu ya kumtafuta kwa nguvu. Kama waliokuwa karibu walitolewa, naye alikuwa mmoja wao. Mwisho wa kisa unaelekea hukohuko: mtoto anapozaliwa, jumba linajaa furaha, watu wanamgombania Abu Zayd kumbusu mikono na kujipaka baraka za nguo zake, zawadi zinamiminika, shaha hataki kumwachia aondoke. Al-Harith anamsihi warudi pamoja, anakataliwa, na anarejea chomboni peke yake akijutia kumpoteza. Tangu hirizi iandikwe, hadithi imeshamsukuma nje.

Kitakachonibadilisha mawazo kinajulikana. Baadhi ya miswada mingine ya Maqamat ya karne ya 13, tofauti na huu wa Paris, ina maneno mafupi kandokando ya picha yanayoeleza nani ni nani. Ukitokea mmoja wenye uzazi huu, na kando ya mwenye asturlabu pameandikwa al-Harith, nitamkabidhi jina hilo bila ubishi, ingawa nitaendelea kuuliza alijifunza wapi kukitumia chombo hicho. Mpaka hapo, kwangu ni mnajimu wa shaha, aliyeitwa mapema, aliyelipwa kwa mwezi au kwa mwaka, na ambaye siku aliyoisubiri ilipofika, mzee wa chomboni alikuja na zafarani akamchukulia zawadi zote.